Wapangaji Wawili: Kuisoma "Tumbo Lisiloshiba" Kutoka Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu tuanze na swali lililozoeleka katika mitihani ya mwigo: "Eleza ufaafu wa anwani 'Tumbo Lisiloshiba'." Nimesahihisha majibu ya swali hili kwa miaka kadhaa, na aghalabu huweza kuyatabiri kabla sijafungua kijitabu cha mwanafunzi. Jitu ni lafi. Jitu linakula chakula chote katika mkahawa wa Mzee Mago na bado halishibi. Jitu linarudi siku ya pili na matingatinga. Kwa hivyo, tumbo ni ishara ya tamaa ya wenye nguvu.

Sina ugomvi na jibu hilo. Ni sahihi na lina alama zake. Tatizo ni kwamba linakoma mapema mno. Ikiwa shida ya Madongoporomoka ni ulafi wa mtu mmoja, basi dawa ni kumwondoa huyo na kumweka mwingine mwenye tumbo dogo. Msomaji anayeishi Nairobi anajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Wakubwa wa mji huu wamebadilika mara nyingi tangu ulipoanzishwa mwaka 1899, na hadi leo mitaa ya mabanda ipo na matingatinga huja.

Makala haya yana dai moja, nami nitalieleza kwa kutumia neno ambalo sote tunalifundisha katika isimu. Neno "mpangaji" ni kitawe. Maana yake ya kwanza ni mtu anayepanga mambo, mathalani yule anayechora ramani ya mji na kuamua barabara ipite wapi. Maana ya pili ni mtu anayekaa katika nyumba ya mwenziwe kwa kulipa kodi. "Tumbo Lisiloshiba" inatuonyesha mpangaji wa kwanza kwa ustadi mkubwa. Mpangaji wa pili hatumwoni vizuri. Nitajaribu kuonyesha, kupitia mitaa ya Kibera na Kawangware, kwamba uadilifu wa mipango ya mji hupimwa kwa jinsi inavyomtendea huyo wa pili.

Hadithi yenyewe kwa ufupi

Hadithi hii ya Said Ahmed Mohamed ndiyo iliyoipa jina diwani ya "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine" (2016), iliyohaririwa na Alifa Chokocho pamoja na Dumu Kayanda. Diwani hiyo ilitahiniwa katika KCSE kabla ya kuvipisha vitabu vingine teule. Kitabu huondoka darasani, lakini ustadi wa kuyasoma mandhari hauondoki nacho. Ndiyo maana naona inafaa kuirejelea.

Wakazi wa Madongoporomoka wanasikia fununu kwamba ardhi yao itachukuliwa kwa sababu mji unahitaji kupanuka. Mzee Mago anajitolea kutafuta njia ya kuzilinda haki za wanyonge wenzake. Ndipo linapotokea Jitu, linaufyeka mkahawa mshenzi wa Mzee Mago kwa kula kila kilichopikwa, na kuahidi kurudi. Linaporudi, linakuja na matingatinga pamoja na askari. Vibanda vinabomolewa. Hata hivyo, wakazi hawakubali kufutwa. Wanarejea na kujenga tena.

Mwandishi, ambaye ni mzaliwa wa Unguja, hakuutaja mji wowote halisi. Hilo linatupa ruhusa ya kuisoma hadithi kwa kutumia mji tunaoujua. Suala lenyewe si geni katika vitabu vya shule. Katika tamthilia ya "Kigogo" ya Pauline Kea, soko la Chapakazi linafungwa na wachuuzi wanapoteza riziki yao. Katika "Mstahiki Meya" ya Timothy Arege, baraza la mji linashughulikia mapokezi ya wageni ilhali huduma za wenyeji zimekwama. Waandishi hawa wote wanauliza swali moja: mji ni wa nani?

Mandhari yenye historia

Wanafunzi wengi huyataja mandhari ya Madongoporomoka kwa sentensi moja: "ni mtaa wa watu maskini". Huo si uchambuzi. Mchambuzi anapaswa kuuliza umaskini huo ulifikaje pale, na kwa nini umepakana na utajiri.

Nairobi ilianza kama kituo cha reli. Mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson alizuru eneo hili kuchunguza masuala ya afya, na akapendekeza watu watenganishwe kimakazi kwa misingi ya rangi. Wazungu walipewa miinuko ya magharibi na kaskazini yenye hewa safi na nafasi kubwa. Wahindi waliwekwa sehemu kama Ngara na Parklands. Waafrika walielekezwa mashariki, Pumwani na kwingineko, tena kwa masharti ya kipande. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao, si mwenye mji. Mpango Mkuu wa mwaka 1948, ulioitazama Nairobi kama mji mkuu wa koloni, haukuubomoa mgawanyo huo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, sheria za rangi zilikwisha, lakini viwanja havikuhama. Palipokuwa na nafasi ya ekari moja kwa familia moja paliendelea kuwa hivyo, ila sasa bei ya ardhi ndiyo iliyofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na rangi. Kwa hivyo, tunaposema kwamba Jitu "halishibi", hatuzungumzii hulka ya mtu peke yake. Tunazungumzia ramani iliyowapa wachache sehemu kubwa kabla wengi hawajafika mezani.

Kibera: kuishi kwa hisani

Tuanze na Kibera. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, askari Wanubi waliotumikia jeshi la Kings African Rifles walipewa makazi katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, lenye ukubwa wa takriban ekari 4,197. Lakini hakuna aliyepewa hati. Katika miaka ya 1930, Tume ya Carter iliyochunguza masuala ya ardhi ilisema kwamba Wanubi walikuwa wapangaji wa Serikali ya Kifalme, wanaokaa kwa hiari yake. Tazama neno hilo, mwalimu: wapangaji. Askari aliyepigania himaya aliambiwa kwamba anakaa kwa hisani.

Baada ya uhuru ardhi hiyo ilibaki mikononi mwa serikali. Mitaa yenye hati na maji ya mfereji, kama vile Jamhuri, Ayany na Otiende, ilijengwa katika sehemu za ile hifadhi ya kale. Watu wengine wengi waliokuja mjini kutafuta kazi walipata chumba katika vijiji kama Makina, Laini Saba, Lindi, Gatwekera na Kisumu Ndogo. Reli inakatiza katikati, na uwanja wa gofu wa klabu iliyoanzishwa mwaka 1906 umepakana na mabati. Mwanafunzi anayetafuta mfano wa kinaya cha mandhari hana haja ya kwenda mbali.

Hata idadi ya watu imekuwa ya kugombaniwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilitoa idadi ya 170,070. Wengine walifurahia tarakimu kubwa kwa sababu inaleta wafadhili, na wengine ndogo kwa sababu inapunguza wajibu. Mtu ambaye hesabu yake haijulikani ni rahisi kumsahau mipango inapochorwa.

Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki ya ekari 288. Lilikuwa jambo la haki, hata kama ni kijisehemu cha ile hifadhi. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Makadirio ya wakati huo yalitaja watu wapatao 30,000 waliopoteza makazi, na shule kadhaa zikabomolewa. Barabara si kitu kibaya. Wakazi wa Kibera nao husafiri. Swali la uadilifu ni kwa nini mstari mfupi zaidi kwenye ramani hupita mara nyingi juu ya vitanda vya wasio na hati.

Kawangware: Jitu lisilo na tingatinga

Sasa njoo nami Kawangware, kwa sababu mtaa huu unaivuruga ile picha iliyozoeleka. Ukitoka Lavington, ambako nyumba zina bustani na lango, unavuka barabara na kuingia Gatina au Kabiro, ambako familia nzima hukaa katika chumba kimoja cha mabati. Mtahiniwa angedhani historia ni ileile ya Kibera. Sivyo. Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, eneo lililokuwa la wenyeji Wakikuyu nje ya mipaka ya mji, hadi mipaka hiyo ilipopanuliwa katika miaka ya 1960. Ardhi hapa kwa kiasi kikubwa ina wenyewe. Ina hati. Familia zilizokuwa zikilima zilijenga safu za vyumba kwenye ploti zao na kuvipangisha.

Kwa hivyo, hapa hatuna serikali inayowafukuza watu kutoka ardhi ya umma. Tuna mwenye ploti ambaye siku moja anaamua kujenga ghorofa. Wapangaji hupewa notisi, kwa maandishi au kwa mdomo, na kabla ya mwisho wa mwezi mabati yameng'olewa. Hakuna mwandishi wa habari anayekuja. Hakuna Mzee Mago wa kutafuta wakili, kwa sababu wakili atasema kwamba mwenye mali ana haki ya mali yake. Ghorofa likiisha, kodi yake haimwezi aliyekuwa akikaa pale, naye huhamia chumba kingine, nyuma zaidi. Jitu la Kawangware halina tingatinga wala askari, lakini watu huhama vilevile.

Ukiiweka mitaa hii miwili pamoja, utaona jambo ambalo mtaa mmoja peke yake hauwezi kukufundisha. Watu wengi hudhani kwamba hati ndiyo tiba ya mtaa wa mabanda. Kawangware ina hati, na mpangaji wake hana usalama unaomzidi sana yule wa Kibera. Hati humlinda mwenye nayo. Katika mitaa yote miwili, wakazi wengi ni watu wa kulipa kodi.

Kimya kilichomo katika hadithi

Tunaweza sasa kuirudia hadithi. Siku moja tulipokuwa tukiichambua, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu anayetoka Kawangware aliniuliza: "Mwalimu, hawa wa Madongoporomoka wanatetea ardhi yao. Na sisi tunaolipa kodi tuko wapi katika hadithi hii?" Sikuwa na jibu la haraka. Niliwahi kumpigia mstari mwekundu huyohuyo kwa kuandika kwamba "watu hao huishi katika uchafu", akimaanisha, bila kusema, mtaa wake mwenyewe. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu namna ya kujizungumzia kama mgeni.

Swali lake ni uhakiki wa kweli. Hadithi inawasawiri wakazi wa Madongoporomoka kama wenyeji wenye haki moja na adui mmoja. Adui anatoka nje, ni mkubwa, anaonekana kwa macho. Suala la nani miongoni mwa wakazi anamlipa nani kodi si la msingi katika msuko. Lakini katika mtaa halisi, mwenye vyumba ishirini na mwenye kupanga kimoja hawapotezi kitu kimoja tingatinga linapopita. Wa kwanza anapoteza mapato na anaweza kudai fidia ya jengo. Wa pili anapoteza chumba, jirani anayemwangalizia mtoto, shule iliyo karibu na wateja wake wa mandazi. Hivyo havina risiti. Na wakazi wanaporejea kujenga upya, tunapaswa kuuliza: nani anajenga, na nani anarudi kulipa?

Je, lawama hii inamwendea mwandishi kwa haki? Kwa kiasi tu. Hadithi fupi hubeba tukio moja na athari moja, na hili linapasua moyo kwa sababu halikugawanywa. Isitoshe, mbinu ya chuku iliyotumiwa kumsawiri Jitu inahitaji upande wa pili uwe mmoja ili ukubwa wa dhuluma uonekane. Umoja wa wanyonge nao ni ujumbe wenye thamani. Jambo ninalolikataa ni sisi walimu kuusoma umoja huo kana kwamba ni taarifa ya sensa. Mhakiki huonyesha kilichosemwa na pia alama za kile kilichoachwa, bila kumtukana mwandishi.

Kupanga pamoja

Kuna mtu atakayesema kwamba haya yote ni siasa, na fasihi haina jibu. Jibu kamili haina, lakini inaweza kutusaidia kutambua mfano mzuri tunapouona. Mwaka 2004 serikali na shirika la UN-Habitat walianza mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, na Soweto Mashariki, Kibera, ikateuliwa. Wakazi wa kwanza walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009. Nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Wapangaji nao walihesabiwa miongoni mwa waliostahili, na hilo lilikuwa hatua. Lakini ilipita zaidi ya miaka kumi tangu mpango uanze, na mtu wa kibarua haishi kwa kungoja.

Mfano wa pili uko Mukuru, upande wa viwandani. Mwaka 2017 kaunti ilizitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 kutokana na upinzani dhidi ya ubomoaji, ulishirikiana na vyuo vikuu na maafisa wa kaunti, na wakazi wakahojiwa kijiji kwa kijiji. Hata upana wa barabara ulijadiliwa ili wachache wahame. Hapo mpangaji wa ramani na mpangaji wa chumba waliketi meza moja. Hata hivyo, tusijidanganye: mwishoni mwa mwaka 2021, sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa ajili ya barabara. Mpango mzuri usiolindwa hubaki karatasi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Haikusema kila mwenye ardhi. Ilisema kila mtu. Mtahiniwa anayelijua neno hilo anaweza kuliweka kando ya hadithi na kupima umbali uliopo kati yao.

Darasani

Kwanza, mwanafunzi aepuke maneno yanayotoa hukumu kabla ya ushahidi. "Wavamizi" na "makazi haramu" ni maneno ya Jitu. "Makazi yasiyo rasmi" na "mtaa wa mabanda" yanatosha.

Pili, akiandika kuhusu mandhari, aeleze kinachopakana na nini, nani alitangulia, na nani aliamua. Mandhari ni hoja, si pambo.

Tatu, akieleza ishara ya tumbo, asiishie kwenye tabia. Aonyeshe utaratibu unaolilisha: fununu badala ya mashauriano, nguvu badala ya notisi, na upanuzi wa mji usiowauliza wanaoujenga.

Nne, aruhusiwe kuihoji hadithi, mradi atoe ushahidi kutoka hadithini. Yule mwanafunzi wa Kawangware alipata alama chache katika insha yake ya kwanza. Katika ya pili aliandika "mtaa wetu", akaeleza kwamba Mzee Mago angekuwa na kazi ngumu zaidi kama nusu ya wateja wake wangekuwa wapangaji wa nusu nyingine. Sikuwa nimemfundisha hoja hiyo. Nilimpa alama zote.

Maswali ya kujadili

1. "Adui wa Madongoporomoka si mtu bali ni utaratibu." Thibitisha ukirejelea hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba". (alama 20)
2. Linganisha kufungwa kwa soko la Chapakazi katika "Kigogo" na ubomoaji katika "Tumbo Lisiloshiba". Ni nani aliyeshauriwa kabla ya uamuzi kufanywa? (alama 10)
3. Andika mazungumzo kati ya mchora ramani wa mji na mama anayepanga chumba kimoja Gatina. Kila mmoja ajitambulishe kwa neno "mpangaji". (alama 20)